Kila Kazi na Masufuria Yake

Sinza, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Mpenzi msomaji,

Nakuandikia miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, maana leo imefanya kazi ambayo haijaifanya tangu nistaafu. Tulifika salama. Lile gunia dogo la machungwa tulilonunua Muheza kuwaletea wenyeji lilifika likiwa nusu. Nusu nyingine iliishia ndani ya basi, na sitaki kutaja aliyekaa karibu nalo.

Safari yenyewe si yangu, ni ya mpwa wangu. Ana stashahada ya TEHAMA, cheti chake mama yake kakitundika sebuleni pale Tanga, pembeni ya kalenda. Cheti kipo, njia ndiyo haionekani. Aandike programu? Afunge mitandao? Achambue data? Alinde mifumo? Asomee akili mnemba? Kila akifungua simu anakutana na mtu anayeapa kwamba njia yake yeye ndiyo yenye hela. Basi dada yangu akaniambia, "Kaka, wewe huna shughuli. Mpeleke Dar akawaone hao watu kwa macho." Hivyo mimi, niliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na mbili, na ambaye kompyuta ya shule niliizima kwa kuchomoa waya ukutani, ndiye mshauri wa TEHAMA. Ya dunia mengi.

Asubuhi tulianza kwa mama ntilie mmoja karibu na Shekilango. Nikaagiza supu ya ng'ombe, elfu tatu, na chapati mbili. Mpwa wangu akachukua chai ya mia tano na chapati moja. Ubaoni palikuwa pameandikwa kwa chaki, chapati 500. Wakati wa kulipa tukadaiwa mia sita sita.

"Mama, ubao unasema mia tano," akasema mpwa wangu.

"Ubao ni wa mwaka jana, mwanangu. Unga ni wa mwaka huu."

Mimi nilikuwa tayari nimeshamkubalia, kwa maana jibu lile lilistahili hizo mia tatu. Lakini binti huyu, msomaji wangu, ndivyo alivyo tangu utoto. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajakaa ameshaona kwamba saa ya ukutani inachelewa dakika nne. Mama yake humwambia ana jicho la mwenye nyumba anayedai kodi.

Nilipokuwa nanyoosha mkono kuchukua limau, simu ikaniteleza kutoka mfuko wa shati na kuzama kwenye bakuli. Ilizama kwa heshima, bila kurusha hata tone. Mama ntilie akaja na upawa akaiopoa kama anayemwongezea mteja mnofu. Akataka kuizika kwenye mchele ikauke. Mpwa wangu akamzuia, akaizima na kuifunga kwenye leso.

Tukisubiri chenji, mama akauliza tumefuata nini mjini. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema jambo lililotuongoza kutwa nzima: "Mimi nikitafuta msichana wa kazi simuulizi kama anapenda kupika. Wote wanapenda kupika. Namuuliza masufuria, nani atayasugua? Anayeweza masufuria, huyo ndiye atakaa."

Mpwa wangu akatoa daftari, akaandika neno moja: masufuria.

Tukapanda mwendokasi hadi Kariakoo. Ilijaa kiasi kwamba nilisafiri na mkono wangu mmoja tu. Wa pili ulikuwa upande wa pili wa abiria watatu. Kariakoo ni ile ile, "Mzigo! Mzigo!" nyuma yako, na ukigeuka kumtazama anayekuambia mzigo, mzigo umeshakupita begani. Tukaliona duka limeandikwa "Tupo wazi saa 24", na kufuli mlangoni kubwa kama ngumi. Nadhani unajua nani alilinyooshea kidole.

Fundi simu tuliyempata anafanya kazi kwenye meza isiyozidi upana wa mkeka wa kuswalia. Juu yake kuna hadubini, taa, bomba la kupulizia hewa ya moto, na vikopo vya skrubu ndogo ambazo ukipiga chafya unamwachia hasara.

"Ilizama kwenye nini, mzee?"

"Supu."

"Ya kuku au ya ng'ombe?"

Nilidhani ananitania, kumbe ni daktari anauliza historia ya mgonjwa. Maji matupu yana nafuu, akasema; kinachoua simu ni chumvi, kwa sababu chumvi na umeme vikikutana vinakula shaba. Nikamwambia supu isiyo na chumvi mimi siinywi. Akaifungua, akasugua ubao wake kwa brashi na spiriti, kisha akanikaribisha kwenye hadubini. Nikaona vidoti vya fedha vidogo kuliko mbegu za mchicha, vimepangwa kwa safu. Katikati yake, duara la mafuta ya supu yangu linametameta bila aibu.

Alitaja elfu ishirini, tukamalizana kwa kumi na tano. Ilichukua saa nzima. Tukanywa madafu mawili, elfu moja moja, kisha mpwa wangu akamuuliza masufuria yake ni yapi. Alilielewa swali mara moja. La kwanza, mteja anayeleta simu iliyoguswa na mafundi watatu na kuapa haijawahi kufunguliwa. La pili, kila mwaka simu mpya, na kujifunza ni kutazama video za mafundi wa China. Lugha haijui, anatazama mikono tu. La tatu akalionyesha kwa kujipapasa shingo: "Mimi nina miaka ishirini na nane. Hii ina hamsini." Akasema vijana wengi huja kujifunza kwa sababu ya hela za kila siku, na huondoka kwa sababu ya shingo.

Tukaenda Posta. Chakula cha mchana tulikula kwenye kibanda nyuma ya maghorofa: mimi wali samaki, elfu tano, yeye ugali dagaa, elfu tatu na mia tano, na kila mmoja akala robo ya sahani ya mwenzake, kwa hiyo sijui tuliagiza kwa nini. Tulipotoka, karibu na Sanamu ya Askari pale Samora, tukamkuta kijana amekaa chini ya mwavuli mdomoni mwa shimo, kama mvuvi. Alikuwa anaunganisha nyaya za intaneti.

Hapa, msomaji wangu, nilisimama mpaka miguu ikalalamika. Ndani ya waya mweusi mnene kama kidole kuna nyuzi za kioo, na kila uzi ukishavuliwa koti lake una unene wa sehemu ya nane ya milimita. Anauvua koti, anaufuta kwa spiriti, anaukata ncha iwe bapa, kisha anaulaza kwenye kimashine kama mkate wa boflo. Upande wa pili analaza mwenzake. Kwenye kioo cha mashine unaziona ncha mbili zinasogeleana, zinasita, zinajipanga. Inaruka cheche ndogo, na uzi unakuwa mmoja. Chini inatokea namba, 0.02. "Hiyo ni hasara ya mwanga," akasema. "Ikizidi, nakata naanza upya."

Nyuzi zimetiwa rangi kumi na mbili na zina mpangilio wake: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, na ya mwisho aliiita maji ya bahari. Nilimwomba airudie kwa raha ya kuisikia tu. Ukiunganisha bluu ya huku na kijani ya kule, akasema, kuna mteja yuko gizani na hujui ni nani. Kwa hiyo asiyetofautisha rangi, njia hii ataiona ngumu mapema.

Masufuria yake? Katapila. Barabara ikichimbwa, waya unakatwa, na katapila halina saa: anaamshwa saa nane za usiku. Ana kifaa kinachotuma mwanga ndani ya waya na kusikiliza unavyorudi, kama mtoto anayepiga kelele kisimani, na kinamwambia mkato uko mita ngapi kutoka aliposimama. Akifika, anakuta watu wameshageuza shimo jalala. Akatukumbusha Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na nchi nzima ikawa inatazama alama ya kuzunguka. "Siku ile hata mimi sikuwa na la kufanya, lakini simu zote zilipigwa kwangu." Kwa anayetaka kupanda zaidi ya shimo, akamtajia mpwa wangu mtihani wa mitandao wa CCNA, ambao ada yake ni dola 300. Mpwa wangu akaandika, akapiga mstari chini ya dola.

Daladala lilitupeleka hadi Sayansi, Kijitonyama. Eneo lile ukitupa jiwe utampata mtu wa kompyuta: kuna jengo la COSTECH, kuna ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na vijana wenye mabegi mgongoni wanaotembea huku wakizungumza Kiswahili ambacho mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilielewa viunganishi tu. Jirani wa mdogo wangu anayeishi hapa Dar alikuwa ametuombea nafasi kwenye ofisi moja ya ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa na yake. Tulipanda ngazi, na nilisalimia watu kwa kichwa kwa muda mrefu kidogo kabla ya sauti kurudi.

Dada anayeandika programu alitukaribisha kwa chai ya tangawizi. Tangu asubuhi alikuwa anatafuta kwa nini wateja kadhaa hawapati ujumbe. Kumbe mtu fulani alizihifadhi namba za simu kama hesabu badala ya maandishi, na kompyuta ikiona 0754 kama hesabu inasema sifuri ya mbele haina kazi, inaitupa. Hapo namba si namba tena. Nikamwambia nimewahi kuwa na wanafunzi wa aina hiyo, sahihi kabisa na wasio na msaada wowote.

Nikauliza lile linalomnyima dada yangu usingizi: akili mnemba haijamaliza kazi hizi? Akacheka. "Inaniandikia kwa nusu saa nilichokuwa naandika siku mbili. Lakini ikikosea, inakosea kwa kujiamini, kama mpita njia asiyeijua njia na hataki kukuambia hajui." Zamani, akasema, anayeanza alipewa vikazi vidogo vidogo ili ajifunze. Sasa vikazi hivyo mashine inavimeza, kwa hiyo anayeanza lazima aje na jicho la kukagua kilichoandikwa tayari. Na hayo ndiyo masufuria yake hata kabla ya mashine: kusoma programu ya mtu aliyeacha kazi bila kuacha maelezo. "Kuandika ni karamu, Mwalimu. Kusoma ndiyo kuosha vyombo."

Meza ya jirani kulikuwa na dada wa data. Yeye wiki nzima anaoanisha Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohd., aone kama ni watu wanne au mmoja. Watu wanadhani anachora grafu, akasema. Grafu ni Ijumaa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa asubuhi ni kufua majina.

Pembeni, karibu na dirisha, kijana mmoja alikuwa analipwa kuharibu. Sitanii. Kazi yake ni kujaribu programu za wenzake kabla hazijaenda kwa watu. Anaandika umri wa miaka hasi tano. Anazaliwa tarehe 30 Februari. Anabonyeza "Lipa" mara saba kwa haraka kama mtu mwenye mtandao mbovu na hasira. Akatuonyesha kosa analolipenda kuliko yote: mtu mwenye jina linaloanza na Ng' anajaza fomu, na fomu inakufa. Tatizo ni ule mkia mdogo juu ya g. Kwenye lugha ya kuulizia hifadhidata, mkia ule ndio unaotangaza kwamba maandishi yamekwisha, kwa hiyo kompyuta inadhani jina limeishia hapo, na linalofuata ni amri.

"Ritifaa!" nikapiga kelele, ofisi nzima ikageuka. Miaka thelathini na mbili nimewaambia watoto kwamba ritifaa si pambo, ng'ombe si ngombe, na leo nimemkuta kijana analipwa mshahara kwa sababu hiyo hiyo. Nilimpa mkono. Nilitaka kumpa na cheti.

Mpwa wangu alikuwa kimya, anaitazama fomu ya kujiandikisha. Kisha akauliza, "Na nikiweka nafasi baada ya jina?"

"Nafasi vipi?"

"Naandika jina, halafu nabonyeza nafasi mara moja. Haionekani, lakini ipo."

Kijana akaandika jina la majaribio lililokuwamo tayari, akaongeza nafasi, akabonyeza. Fomu ikamkaribisha kwa furaha kama mteja mpya. Sasa palikuwa na watu wawili wenye jina moja, na hakuna jicho la binadamu lingeweza kuwatofautisha. Kijana akaacha kuzungusha kiti. "Rudia," akasema. Akarudia yeye mwenyewe, mara mbili, kisha akaanza kuandika taarifa, na akamuuliza mpwa wangu tahajia ya jina lake ili aiweke pale juu.

Aliulizwa masufuria. Akasema yapo mawili. Kwanza, jaribio moja unalirudia mara arobaini, na la arobaini ulifanye kwa macho yale yale ya la kwanza. Pili, kila siku unampelekea mtu habari mbaya za mtoto wake, na kesho yake unaomba chai kwenye chupa yake. "Wengi wanashindwa hapo," akasema. "Ama wanakuwa wakali, au wanaanza kunyamaza."

Mpwa wangu alicheka. Nilimtazama. Kwenye shimo la Samora alishangaa, Kariakoo aliandika, lakini hapa alicheka kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Jioni bajaji ikatufikisha ufukwe wa Coco. Upepo wa kusi ulikuwa unapuliza, watoto wanakimbizana na povu, na mihogo ilikuwa inachanika kwenye mafuta. Sahani mbili za mihogo, elfu mbili kila moja, na mishikaki minne ya mia tano tano; kachumbari bure, pilipili kwa hatari yako. Rafiki wa mdogo wangu, anayelinda mifumo ya kampuni moja, alitukuta hapo akajinunulia yake. Nikiwa na mdomo umejaa, simu yangu iliyofufuka ikalia kwa mara ya kwanza tangu ilipozama. Nikaifungua kwa shauku. "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Nilikuwa kweli na hela ya kumtumia dada yangu, nikaanza kubonyeza. Rafiki yetu akanishika mkono. Ujumbe ule, akasema, hauna ujanja wowote. Mwizi anautuma kwa watu wengi mno, na miongoni mwao hakosekani aliyekuwa anataka kutuma hela dakika ile ile. Jioni ya leo huyo nilikuwa mimi. Masufuria yake ni aibu za watu: mfanyakazi akibofya kiungo kibaya anaficha siku tatu, na siku tatu zinamtosha mwizi. Nusu ya kazi, akasema, ni kuwa mtu ambaye watu hawaogopi kumwambia "nimekosea". Nikamwambia basi leo amepata wa kwanza.

Tukirudi kwenye daladala nilimuuliza mpwa wangu kimya kimya, masufuria ya nani anayaweza. Hakujibu moja kwa moja. Alisema yule kijana wa dirishani amemwambia aandike makosa yote anayoyaona kwenye programu za simu yake kwa mwezi mmoja, kila kosa na hatua za kulirudia, amletee orodha. "Mwezi mmoja mrefu, mjomba," akasema. "Nina kumi na moja tangu tutoke ofisini."

Basi nimekaa hapa na beseni langu, nimefanya hesabu ili dada yangu asiseme tumekula mtaji. Ukiacha nauli na fundi, chakula kimetugharimu 21,500 kwa siku nzima, watu wawili, na tumeshiba. Nimemwita mpwa wangu aisome barua kabla sijaituma, kwa kuwa macho yangu usiku si ya kutegemea. Ameisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Amesahihisha koma moja, ambayo nimeikataa kwa mamlaka niliyopewa na wizara.

Kisha akasema, "Mjomba, si 21,500. Ni 21,800. Umehesabu chapati kwa bei ya ubao."

Wako katika safari,
Mwalimu mstaafu, mwenye simu inayonukia supu